Wavu Ndani ya Sanduku la Zawadi

REHEMA: Kassim, wiki iliyopita tulipozungumzia mapambano ya roboti, ulibisha humu humu kwamba wavu si silaha. Leo hutoki mpaka unieleze.

KASSIM: Nilisema si silaha ya ulingoni, dada. Usinilishe maneno.

REHEMA: Haya. Kwa ambao hawakuwepo: BattleBots, Marekani, mwaka 2015. Roboti za kilo 113 zinapigana. Complete Control inaingia imebeba sanduku la zawadi, limefungwa vizuri utadhani inakwenda harusini. Ghost Raptor ina panga refu linalozunguka. Ikalipiga lile sanduku.

KASSIM: Kumbe ndani mna wavu.

REHEMA: Wavu ukajiviringisha, panga likakwama, roboti ya watu ikabaki kama kuku aliyefungwa miguu sokoni! Nilicheka mpaka machozi.

KASSIM: Waamuzi hawakucheka. Pambano likarudiwa bila wavu, na Ghost Raptor ikashinda.

REHEMA: Ndiyo maana nakasirika. Mwenye Complete Control alijitetea kwamba kanuni za msimu ule hazikukataza. Kosa lake ni kusoma? Tena ulingo huohuo unaruhusu kutema moto wa gesi!

KASSIM: Moto wa pale mwingi ni mbwembwe. Ulimi wa moto ukipita juu ya chuma sekunde mbili tatu, chuma hakina habari. Utaunguza matairi, au nyaya zilizoachwa wazi. Na ukumbi ule umejengwa ukijua moto utakuja. Nenda mashindano madogo ya roboti za nusu kilo, mengi yanaukataza kabisa.

REHEMA: Bado hujagusa wavu.

KASSIM: Nakuja. Wewe unaangalia pambano, mimi namwangalia yule anayeingia ulingoni baada ya kengele. Roboti bado ina umeme, na yeye anaisogelea kwa miguu yake, anainama, anachomeka pini ya kufunga silaha, kisha anazima swichi. Ndiyo maana kanuni nyingi zinataka silaha inayozunguka isimame ndani ya sekunde 60. Ncha ya panga kule BattleBots inaruhusiwa kufika maili 250 kwa saa, kama kilomita 400 hivi. Kitu hicho hukisogelei kwa kubahatisha.

REHEMA: Enhe.

KASSIM: Sasa weka wavu. Panga limekwama, lakini je, mota imezimwa au bado inasukuma? Mota iliyokwama huku inavuta umeme inachemka, na betri ya lithiamu nayo inachemka. Halafu mtu aje na kisu akate nyuzi. Ukikata uzi wa mwisho, panga linakwenda wapi?

REHEMA: Mh. Hilo wiki iliyopita hukulisema.

KASSIM: Hukunipa nafasi, ulikuwa unacheka.

REHEMA: Na kuvuruga mawimbi ya redio ya rimoti ya mpinzani, nako unakukataa? Maana hicho hakimgusi mtu.

KASSIM: Hicho ndicho kibaya zaidi! Dereva anabonyeza rimoti, panga halimsikii. Kuna mfumo wa kuzima roboti ikipoteza mawasiliano, lazima uwepo, lakini mimi sitaki maisha ya mtu yategemee kinga ya mwisho. Tena mawimbi hayachagui adui. Roboti ya jirani, iliyo mezani inatengenezwa, nayo inaathirika.

REHEMA: Kumwaga gundi au mchanga ulingoni sitauliza.

KASSIM: Usiulize. Nani atafagia?

REHEMA: Lakini nina reki. Mwaka 2016, HyperShock ilifungwa reki, ikaidondosha droni ya wapinzani kutoka hewani. Mbona hapo hukubisha?

KASSIM: Reki inaonekana, dada. Haikuja imefungwa kwa karatasi ya zawadi.