Dawa za Sonona na Protini za Damu: Kipimo Kinahesabu Nini?

Mabibi na mabwana, nianze na hesabu ndogo. Kati ya kila molekuli 100 za setralini zilizomo kwenye damu ya mgonjwa wa sonona, takriban 98 zimeshikamana na protini, na ni mbili tu zilizo huru kutoka mishipani na kuingia kwenye ubongo, ambako kazi yenyewe iko. Venlafaksini haina uswahiba huo, kwani karibu 27 tu katika 100 ndizo hushikwa. Hata hivyo zote mbili hutibu sonona.

Tukitaja protini za damu, wengi wetu hufikiria albumini, na si kosa, maana ini huitengeneza kwa wingi hata ikafikia gramu 35 hadi 50 katika lita moja ya plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Lakini amitriptilini, imipramini na jamaa zao, nazo pia dawa za sonona, ni besi, yaani kinyume cha asidi kikemia, na besi huipenda sana protini nyingine, glaikoprotini asidi ya alfa-1, ambayo kwa mtu mzima wa afya ni kama gramu moja tu kwa lita, au pungufu. Protini hii ina tabia inayostahili muda wetu kuliko asilimia zote nilizozitaja: mtu akiugua nimonia, akiungua au akipasuliwa, kiwango chake huweza kupanda mara mbili hadi tano.

Sasa tumchukue mgonjwa anayemeza amitriptilini kila usiku, kisha akapatwa na nimonia. Damu yake ikipimwa, dawa itaonekana imepanda, kwa sababu kipimo cha kawaida hujumlisha iliyoshikwa na iliyo huru. Daktari mwenye haraka atapunguza dozi. Kumbe dawa huru, ambayo hutegemea zaidi kasi ya ini katika kuivunja, huenda iko palepale, isipokuwa kama ugonjwa wenyewe umelipunguzia ini kasi hiyo.

Kuitenga dawa huru kunahitaji subira. Plazma huwekwa upande mmoja wa utando wenye vitundu vidogo mno, na maji ya chumvi upande wa pili, katika nyuzijoto 37. Baada ya saa kadhaa protini, kwa ukubwa wake, zimebaki zilipokuwa, ilhali dawa huru imevuka hadi pande zote mbili zikalingana. Tabu ni kwamba dawa hizi hupenda mafuta, hivyo hunata hata kwenye plastiki ya kifaa. Na kwa setralini, mpimaji akisoma kuwa zilizoshikwa ni 99 badala ya 98, dawa huru aliyoiandika ni nusu ya ile iliyomo kwa mgonjwa.