Singo maza wa Arusha na Moshi, tupange likizo kwa saa

Habari za huko nyumbani, watu wangu wa Arusha na Moshi. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo. Leo sina maduka wala theluji ya huku Uingereza ya kuwaonyesha. Nina kalamu na karatasi, na wewe unayelea peke yako naomba uchukue vyako. Singo maza, mjane, baba uliyebaki na watoto, bibi uliyeachiwa wajukuu, wote mmo.

Tuanze na hesabu. Shule zinafunga mwanzoni mwa Juni, zinafunga tena mwanzoni mwa Desemba, na kila mara watoto wanakaa nyumbani kama mwezi mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Zinasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba Jumamosi na Jumapili zimo humo humo. Ukizimaliza Juni, Desemba huna kitu. Na huyo ni mwenye mkataba. Mwenye genge soko la Kilombero, Arusha, au anayeshona pale soko la Mbuyuni, Moshi, hata hizo 28 hana.

Kaskazini tuna balaa la ziada. Watalii huanza kumiminika Juni, wakajaa tena kuelekea Krismasi na mwaka mpya. Kwa hiyo wiki watoto wanapofunga shule ndizo wiki hoteli, magari ya safari na mlima vinapotaka watu. Bosi hakuruhusu kuondoka, na wewe mwenyewe hutaki kuondoka, maana hapo ndipo hela ilipo.

Msidhani huku Uingereza ni mteremko. Likizo za shule zikijumlishwa zinafika wiki 13 hivi kwa mwaka, sita kati ya hizo mfululizo wakati wa kiangazi. Kambi za mchana zipo, ila za kulipia, na bibi yuko mbali. Huku mzazi hupanga likizo ya Julai tangu Januari. Huko kwetu tunangoja mtoto arudi na ripoti ndipo tunaulizana nani atakaa naye.

Sasa karatasi. Andika siku saba kwenda chini. Juu gawanya mchana wako. Tuseme unatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, hizo ni saa 13. Vipande vinne vinatosha: saa 12 hadi saa 4, saa 4 hadi saa 8 mchana, saa 8 hadi 11 jioni, saa 11 hadi saa 1 usiku. Kila kisanduku kiandikwe jina la mtu mzima. "Jirani" si jina. "Dada yake" mwenye miaka tisa si mtu mzima, huyo naye anahitaji kuandikiwa mtu. Maoni yangu: wa miaka 12 na kuendelea anaweza kubaki mwenyewe saa moja au mbili mchana, bila moto na bila kuachiwa kichanga. Chini ya hapo, hapana.

Mara nyingi pengo baya ni saa 8 hadi saa 11. Tuisheni imeisha, mafundisho ya kipaimara yameisha, madrasa bado, na mchana umetulia. Hapo ndipo watoto huishia kwenye kibanda cha video chenye giza au kwenye mashine ya kamari ya sarafu nje ya duka. Usianze kwa kupanga saa za asubuhi, anzia kwenye hilo pengo. Maktaba ya mkoa ipo Arusha na ipo Moshi, na mtoto wa darasa la tano kwenda juu akiwa na mwenzake mkubwa anaweza kuumalizia mchana pale. Ulizeni mapema saa za kufunga.

Visanduku vinavyobaki vinajazwa na zamu. Tafuta wazazi wanne ambao siku zao za mapumziko zinatofautiana: wa saluni anapumzika Jumatatu, muuguzi ana mchana baada ya zamu ya usiku (huyu msimpe watoto asubuhi hiyo, atalala tu), wa ofisini ana Jumamosi. Kaeni kikao kimoja, mkubaliane na kuandika. Watoto wasizidi wanane kwa mtu mmoja, na walio chini ya miaka mitatu wasizidi wawili. Kila mmoja anakuja na chakula chake. Mwenye homa au anayeharisha habebwi kuletwa. Aliye zamu hatoki, hata kwenda dukani. Na kila mtoto awe na orodha ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kuja kumchukua. "Mjomba" mgeni akija na maelezo matamu, mama mtoto anapigiwa kwanza.

Zamu nyingi hufa wiki ya pili, na sababu ni ile ile: mmoja amepata kazi ya ghafla, wenzake wakambeba, kesho akafanya tena, wakanuniana. Dawa yake ni bei. Pangeni tangu mwanzo kwamba anayekosa siku yake anamlipa aliyemshikia kiasi fulani, siku hiyo hiyo, kwa simu. Hela ndogo inaokoa undugu mkubwa.

Wenye dada wa kazi, likizo inamwongezea kazi mara mbili. Mwongeze kitu kwa mwezi huo, la sivyo utaamka na mlango wazi. Na mkumbuke Desemba dada naye ana kwao. Muulize Oktoba anaondoka lini. Wenye wadogo kabisa, kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Omba kuona cheti, kisha uliza siku mlezi akiugua nani anashika nafasi yake. Jibu la swali hilo litakuambia mengi kuliko rangi za ukutani.

Nyie wa mlimani, wagumu (wabeba mizigo), wapishi na waongozaji, lenu ni la kulala huko huko kabisa. Kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni siku 5 au 6, Machame 6 au 7, Lemosho 7 au 8, na huko juu mtandao unakuja na kupotea. Kabla ya kwenda getini acha karatasi kwa mlezi: namba ya ofisi inayoweza kukufikia, kadi ya matibabu ya mtoto, hela ya dharura iliyotengwa na hela ya kula, na jina la mtu wa pili mlezi akishindwa. Ongeza siku moja juu ya tarehe ya kushuka.

Halafu kuna bibi. Kwetu likizo ni kupanda Kibosho, Machame, Rombo, au kwa bibi Meru, jambo jema sana, ila bibi ana ng'ombe, ana migomba na ana magoti. Watoto watatu kwa wiki nne wanakula. Peleka kwa uchache unga kilo 20, mchele kilo 10, maharage kilo 6, sukari kilo 4, mafuta lita 4, na sabuni. Hela itume kila wiki. Ukiituma yote kwa mkupuo, wiki ya kwanza utatokea msiba au dawa ya ng'ombe, na bibi hataona haya kuitumia, kwa nini aone? Mtoto asikabidhiwe kwa konda. Asafiri na mtu mzima anayemfahamu, na kwa Desemba aondoke kabla ya ile wiki ya Krismasi ambapo Wachaga wote wa Dar wanarudi na magari yanajaa.

Juni kule juu ni baridi na ukungu, kwa hiyo sweta na soksi kwanza. Wanaoshuka tambarare kama Kahe wabebe chandarua, maana mtoto aliyekulia baridini hana kinga ya malaria kama wenyeji. Homa yoyote apimwe ndani ya saa 24, asipewe dawa za dukani kwa kubahatisha.

Na kabla hajaondoka uliza swali ambalo linaonekana la kuudhi: atalala chumba gani, na nani? Wanaowadhuru watoto wengi wao ni watu wanaofahamika nyumbani. Mtoto alale na wa umri wake na jinsia yake, au na bibi. Piga simu kila jioni, ongea na mtoto mwenyewe, umuulize: leo nani alikuja? Ulikwenda wapi? Ukihisi jambo, namba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Kuhusu moto nitasema polepole. Juni Arusha watu huingiza jiko la mkaa ndani ili wapate joto. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Kuufunika kwa majivu hakuizuii. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi, na mkiona wote chumbani mnaumwa kichwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye, mwende hospitali. Mkiwaacha watoto, jiko libaki nje, limezimwa. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye regulata. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda. Desemba hatari inahamia kwenye maji: makorongo ya mito Themi na Naura pale Arusha mvua ikinyesha juu, mifereji ya vihambani (kwenye mashamba ya migomba), hata ndoo iliyojaa kwa anayetambaa.

Chakula cha mchana kipikwe usiku. Makande yanafaa: vikombe vitatu vya mahindi yaliyokobolewa, kimoja na nusu cha maharage, loweka usiku mzima, mwaga maji, chemsha kwa nguvu angalau dakika 10, kisha punguza moto mpaka yaive, yanaweza kufika saa mbili. Wanatosheka watano au sita. Asubuhi yachemke tena, uyatie kwenye hotipoti uliyoisuuza kwa maji ya moto. Gawa kwenye mabakuli, kila mtoto lake. Sufuria moja ikiachwa mezani, mkubwa ataimaliza saa 5 na mdogo atalia hadi jioni.

Yule mzazi mwingine, kama yupo, muombe siku, tena zenye tarehe: "Chukua watoto tarehe 10 hadi 20 Desemba," kwa ujumbe wa maandishi. Matunzo yakikwama, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakupa njia kupitia ofisi ya ustawi wa jamii na mahakama ya watoto. Si kazi ya siku moja, kwa hiyo ya Desemba ianze sasa.

Namalizia na wenye darasa la saba, maana wanasahaulika. Mtihani ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Hapo katikati kuna zaidi ya miezi mitatu, na mtoto ana miaka 13, si wa kumbeba wala wa kumwacha. Wa kidato cha nne anamaliza Novemba na kidato cha tano huanza Julai mwaka unaofuata. Hao wawekeeni karatasi yao: kozi fupi ya kompyuta, ushonaji au umeme asubuhi, kazi za nyumbani zilizotajwa kwa jina, na Kiingereza na hesabu saa moja na nusu kila siku. Kazi nyepesi ya malipo sheria inaruhusu kuanzia miaka 14. Wa 13 kuuza karanga stendi bado hairuhusu. Nafasi za hizo kozi hujaa haraka baada ya mitihani, kaulizeni Agosti.