Shinda Jumapili, Jumatatu Uuze Nini? Kiwanda na Daraja Lake Katika Mbio za Pikipiki za Marekani

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba wale wa nyuma msogee mbele, viti vipo, na nina kitu hapa mezani ambacho nataka kila mtu akione. Ni sanduku la pembeni la pikipiki ya safari, lile ambalo msafiri anaweka koti la mvua na nguo za kubadilisha. Nimeliazima kwa mtu, kwa hiyo taratibu nalo. Tutalirudia.

Wanaonifahamu wanajua ninachokuja kusema. Nimekisema gereji, nimekisema kijiweni, na leo nakisema tena. Tukibishana kuhusu mbio za pikipiki za Marekani tunabishana nani dereva hodari, injini ya nani ina nguvu, tairi za nani zinashika lami. Mambo hayo yanakuja baadaye! Kabla dereva hajavaa kofia, kabla fundi hajakaza boliti ya kwanza, kuna watu wamekaa na mahesabu yao wakaamua kiwanda kiingie daraja gani, yaani kundi gani la mashindano. Wakikosea hapo, hakuna dereva wa kuwaokoa. Mfano wangu ni ule ule, kiwanda cha pikipiki cha Marekani, Harley-Davidson.

Mwaka 1994, Daytona, Florida. Harley wanaingia daraja la Superbike na pikipiki mpya kabisa, VR1000. Sahauni Harley mnayoiona kwenye picha, ile ya kukaa umeegemea kama uko barazani. Hii ilikuwa na silinda mbili za V zilizofunguka nyuzi 60, injini ya kupozwa kwa maji, valvu nne kila silinda, ujazo wa karibu cc 1000. Kazi ya kuibuni ilianza mwaka 1988. Na rangi yake, jamani: ubavu mmoja mweusi, ubavu wa pili rangi ya chungwa. Wewe umekaa upande huu wa uwanja unaona pikipiki nyeusi, mwenzako ng'ambo anaapa kwamba ni ya chungwa, na wote mnasema kweli. Mimi mpaka leo naiona nzuri. Sina chuki nayo hata kidogo.

Sasa Superbike kanuni yake ni kwamba pikipiki ya mashindano lazima itokane na pikipiki inayouzwa kwa watu. Wajapani walikuwa wanachukua pikipiki ya dukani wanainoa. Harley hawakuwa na ya kunoa. Hawakuuza pikipiki ya namna ile. Kwa hiyo wakaenda kinyumenyume: wakatengeneza ya mashindano kwanza, kisha wakatafuta namna ya kuigeuza iwe ya barabarani. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani, AMA, kilitaka 50 tu za kuuza. Wakazifunga taa, wakazifunga vioo. Ila kwa sheria za Marekani zisingepita, basi mnajua walizisajili wapi ziwe halali barabarani? Poland. Kiwanda cha Milwaukee, pikipiki ya kushindana Marekani, kibali cha barabarani kinapatikana Poland! Na bei yake dola 49,490, kwa fedha za mwaka 1994. Ukiona kiwanda kinazunguka mpaka Poland kutafuta uhalali wa pikipiki yake, jiulize kama pikipiki hiyo ilikuwa na mnunuzi.

Haya, madereva. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wanaponikatiza. Mwaka 1994 alipanda Miguel Duhamel. Hakushinda hata mbio moja nayo. Mwaka 1995 akahamia Honda, na mwaka huo huo akawa bingwa wa Superbike. Mtu yule yule, mikono ile ile! Akaja Doug Chandler mwaka 1995, mtu ambaye tayari alishakuwa bingwa mwaka 1990. Hakushinda. Mwaka 1996 akaenda Kawasaki, akachukua ubingwa, na mwaka 1997 akauchukua tena. Chris Carr, bingwa wa mbio za vumbi, aliwahi kuanza wa kwanza kwenye mstari kule Pomona mwaka 1995, kwa hiyo kasi ilikuwepo kwa mzunguko mmoja. Mwaka 1999 wakamleta Scott Russell, bingwa wa dunia wa mwaka 1993, mtu aliyeshinda Daytona 200, zile mbio za maili 200, mara tano. Huyo Daytona ilikuwa kama uani kwake. Naye hakushinda.

Misimu minane, 1994 hadi 2001. Ushindi wa Superbike: sifuri.

Najua kuna mtu hapo anataka kusema, mzee, pikipiki ilichelewa tu, imebuniwa mwishoni mwa miaka ya themanini inaingia uwanjani wakati Ducati wa Italia wameshatoa pikipiki yao ya 916. Kweli, ilichelewa. Lakini kwa nini ilichelewa miaka sita? Mimi nasema ilichelewa kwa sababu dukani hakuna aliyekuwa akiisubiri. Pikipiki yenye wanunuzi wanaogonga mlango haikai miaka sita mezani. Wenye duka wangepiga kelele, wahasibu wangepiga kelele. VR1000 ilikuwa mtoto wa idara ya mashindano peke yake, na watoto wa namna hiyo kila mwaka wanapewa bajeti ya kubaki hai, hawapewi ya kukua.

Mwingine ananiambia, mbona Ducati nao ni silinda mbili za V na walishinda? Doug Polen mwaka 1993, Troy Corser mwaka 1994, wote ubingwa wa Superbike wa Marekani, wote juu ya Ducati. Asante, umenisaidia. Ducati alichokimbiza ndicho alichouza. Aliyeshangilia Jumapili aliweza kwenda dukani akainunua ndugu wa pikipiki ile, yenye fremu ya ukoo ule ule na injini ya ukoo ule ule. Wamarekani wana msemo wao: shinda Jumapili, uza Jumatatu. Tuseme Harley wangeshinda Jumapili. Jumatatu wangeuza nini? Mteja wao alikuwa anakuja dukani kununua pikipiki ya safari au ya matembezi. Ushindi wa VR1000 usingemwambia chochote kuhusu pikipiki anayoilipia.

Halafu yuko wa tatu, huyu huwa ananipa shida kidogo, anayesema VR1000 ndiyo iliyozaa V-Rod. Ni kweli, na nampa haki yake. Mwaka 2001 Harley walitoa V-Rod, nyuzi zile zile 60, kupozwa kwa maji, cc 1130, injini ikamaliziwa kwa msaada wa Porsche. Ndiyo, mbegu ilitoka kule. Lakini V-Rod ilitoka wakati mashindano yanafungwa! Mwaka ule ule! Baba anazikwa, mtoto anazaliwa. Wangesubiri V-Rod iwepo dukani ndipo waingie uwanjani, au wangeanza na V-Rod, leo nisingekuwa na hoja hii.

Nimekwenda mbali, saa inakimbia. Sasa sanduku.

Oktoba 2020, Laguna Seca, California. MotoAmerica, waandaaji wa mbio za pikipiki za Marekani wanaoongozwa na Wayne Rainey, bingwa wa dunia wa zamani, wanaandaa mbio moja ya pikipiki za safari. Hizi zenye kioo kikubwa mbele na masanduku mawili nyuma, moja kila ubavu. Wakaiita King of the Baggers, mfalme wa pikipiki za masanduku. Watu wakacheka. Hata marafiki zangu walicheka, wakasema huko ni kukimbiza makabati. Akashinda Tyler O'Hara kwenye Challenger ya Indian, kiwanda kingine cha pikipiki cha Marekani.

Mwaka uliofuata Harley wakaja kama kiwanda, na pikipiki yao ya safari, Road Glide, na Kyle Wyman akachukua ubingwa. Mwaka 2022 O'Hara akaurudisha kwa Indian. Mwaka 2023 Hayden Gillim, Harley. Mwaka 2024 Troy Herfoss, Indian, na huyu alikuja akiwa bingwa wa Superbike wa Australia mara tatu. Mwaka 2025 Wyman tena, Harley. Mnaona inavyokwenda? Huku na huku, kama kuvutana kamba. Na hawa wawili wanavutana tangu mwanzo wa karne iliyopita, Indian wa mwaka 1901 na Harley wa mwaka 1903.

Wanaosema ni mzaha, hebu tupime. Superbike ya sasa iko karibu kilo 170. Hii ya masanduku kanuni inaitaka isipungue kilo 280 hivi. Injini ya Harley ya mashindano ni cc 2,147. Mmoja wenu hapa ana pikipiki ya cc 150, piga hesabu ni ngapi zinaingia humo. Daytona zinapita kilomita 280 kwa saa. Kilo 280 kwa kasi hiyo, halafu mbele kuna kona, na unatakiwa uisimamishe. Fikirieni breki. Fikirieni shokapu ya nyuma. Fundi anayejifunza kutuliza mzigo huo anajifunza kitu ambacho mzee wa miaka sitini aliyempakia mkewe nyuma na kuvuka jimbo zima atakitumia. Mwaka 2022 Harley wakatoa Road Glide ST ya dukani, ina sura ya mashindano yale. Mwaka 2025 wakatoa Road Glide RR, 131 tu, dola 110,000. Ghali, ndiyo, na chache, kama zile 50 za zamani. Tofauti ni kwamba safari hii ndugu zake wa kawaida wamejaa dukani, na mteja anawajua kwa majina.

Kuna wanaolalamika kwamba Harley wanapewa cc 2,147 na Indian cc 1,834 tu, upendeleo. Si upendeleo. Injini ya Harley inafungua valvu kwa fimbo za kusukuma, Indian ana kemshafti juu na maji ya kupoza. Ufundi wa fimbo ni wa zamani, kwa hiyo kanuni inasawazisha kwa kuupa ujazo zaidi. Superbike ya zamani nayo ilisawazisha, silinda nne cc 750, silinda mbili cc 1000, na hao wanaolalamika leo sikuwasikia wakilalamika wakati ule.

Nilipanga kuwaeleza Buell kwa urefu, muda haupo. Kwa haraka: Buell, kiwanda kidogo cha pikipiki za kasi, kilikuwa chini ya Harley. Mwaka 2006 wakaingia daraja la Formula Xtreme na XBRR ya cc 1339 ya kupozwa kwa hewa, dhidi ya cc 600 za silinda nne. Mwaka 2009 wakaingia daraja la Daytona SportBike na 1125R, hiyo ilikuwa pikipiki ya dukani hasa, na Danny Eslick akawa bingwa. Daraja sahihi, pikipiki sahihi, ubingwa mkononi. Oktoba ya mwaka huo huo Harley wakatangaza kuifunga Buell. Hilo linaniuma mpaka leo, na ningehitaji jioni nyingine kulieleza, kwa sababu hapo uwanja haukuwa na kosa lolote.

Naona mkono pale. Ndiyo, binti, uliza.

Anauliza kwa nini wasiyavue masanduku, si pikipiki itakuwa nyepesi. Swali zuri, ndilo nililolibebea hili. Kanuni inayataka yabaki. Ukiyavua, aliye jukwaani haioni tena pikipiki yake, anaona pikipiki ya mtu mwingine. Kwa hiyo mafundi hawayavui, wanayapandisha. Njoo hapa mbele, lishike, mikono miwili. Sasa lilaze, kama uko kwenye kona, zaidi, zaidi tena. Unaona pembe hii ya chini? Hapo ndipo linapoanza kusaga lami, goti la dereva likiwa bado halijagusa chini. Kulipandisha vidole vichache tu maana yake ni kuhamisha vishikizo, bomba la moshi, na pahali pa kufungia shokapu. Mpelekee mwenzako, mwambie alilaze hivyo hivyo, na mlipitishe mpaka nyuma.