Kwanza Upepo wa Kurudi

Mhadhara kwa wazazi, Ngamiani, Tanga, kama ulivyotolewa

Assalaam aleikum. Hamjambo wazee wenzangu, hamjambo wanangu. Sogeeni, viti vipo mbele. Watu wa Tanga mkiitwa mbele mnadhani mnaitwa kuchangishwa.

Mtaniwia radhi, nitasema yale yale ya mwaka jana: kuwatoa watoto kwa baiskeli, na namna ya kuipanga safari. Ningesema mapya kama yale ya zamani mngeyafuata.

Wiki hii nimetumiwa tena ile video. Wengi mnayo kwenye simu. Mkwe wangu yuko Birmingham, kanionyesha wajukuu zangu wanaendesha baiskeli kando ya mfereji. Maji yametulia kama yamo kwenye sinia, njia imenyooka, gari hata moja hakuna. Na mtu kaandika pale: wenzetu wamebarikiwa. Wamebarikiwa nini? Njia ile hakutengenezewa mtoto, ilitengenezewa farasi. Farasi alitembea ukingoni akivuta jahazi la makaa ya mawe kwa kamba, na ukitazama vizuri chini ya madaraja ya kale utaona kingo za mawe zimeliwa na kamba hizo mpaka zimechimbika mifuo. Njia ikawa tambarare kwa sababu maji ya mfereji hayapandi kilima. Panapopanda pana milango ya maji ya kuinulia vyombo, basi. Huko Marekani uko mfereji wa Chesapeake na Ohio, njia yake ni kilomita 297, kutoka Cumberland hadi Georgetown, na wao walitumia nyumbu. Mwaka 1924 mafuriko yaliuharibu, ukafungwa. Baadaye wakataka pawe barabara ya magari. Jaji wa Mahakama ya Juu, William O. Douglas, mwaka 1954 akaitembea njia yote kwa miguu ili kupinga. Leo ni hifadhi, watu wanapita na watoto wao. Jaji mzima katembea! Sisi tunamngoja nani?

Tanga mfereji hatuna, mkonge tunao. Barabara za ndani ya mashamba zimenyooka kama rula, kwa sababu ile ile ya mzigo. Omba ruhusa kwa meneja, upite. Na kando ya bahari kwetu hakuna milima ya kumtisha mtu. Kwa hiyo habari ya kusema hatuna njia, tuiache. Kinachotushinda ni kupanga.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mnapolala.

Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, nilipanga kila kitu. Maji, maandazi, viraka, solushen, pampu, spana, vyote vimeandikwa daftarini. Nilikuwa na wajukuu watatu, mdogo ana miaka minane. Tukatoka saa 1 asubuhi kwenda Tongoni, kusini mwa mji, kama kilomita 20 kwa barabara ya Pangani. Enhe, wavuvi mnacheka, mmeshajua. Mwezi wa kwanza kunavuma nini? Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini! Tulikwenda Tongoni kama tumetweka tanga. Yule mdogo anaachia pedali, baiskeli inakwenda yenyewe, ananiambia, “Babu, mimi bingwa.” Nami mzee mzima nikaamini ni nguvu zetu.

Tukafika. Nikawaonyesha msikiti wa kale na makaburi, yako zaidi ya 40, mengine yana nguzo. Nikawapa na habari za Vasco da Gama: mwaka 1498 chombo chake kimoja, São Rafael, kilikwama kwenye mafungu ya jirani na hapo, na mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi kwao, akakichoma moto huku huku, maana mabaharia wengi wamekufa kwa kiseyeye na waliobaki hawatoshi kuendesha vyombo vyote. Mjukuu wa kati akauliza, “Kwani hakupanga safari ya kurudi?” Nikacheka sana. Hiyo ilikuwa saa 4. Saa 6 sikuwa nacheka.

Kaskazi ya mchana si ile ya asubuhi. Jua likipanda, nayo inapanda. Vumbi usoni, watoto wameinama kama wanasukuma ukuta. Yule bingwa akashuka, akailaza baiskeli chini ya mwembe, akasema, “Babu, imekufa.” Nikakagua: tairi zimejaa, mnyororo upo, breki haijang'ang'ania. Nikamwambia baiskeli nzima hii. Akasema, “Si baiskeli. Miguu.”

Tulikaa chini ya mwembe ule mpaka daladala la Pangani likatuonea huruma: baiskeli nne juu ya keria, na kila baiskeli ikalipa nauli kama abiria. Nyumbani bibi yao hakugomba. Alifungua mkoba, akatoa vile viraka, akavitazama, akasema, “Hivi hukuvisahau.”

Kwa hiyo kabla hujauliza mnakwenda wapi, uliza mtarudi na upepo gani. Sasa ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Nendeni upande wa kusini. Mnaukata upepo asubuhi mkiwa na nguvu, na mtoto akichoka kabla ya kufika, geuzeni, upepo utamsukuma mpaka mlangoni kwenu. Kaskazi ikirudi, nendeni Amboni mapangoni, upande wa kaskazini, kama kilomita 8 tu. Kufika si faradhi! Na msipime nusu ya njia. Pimeni nguvu za yule mdogo kuliko wote, mzigawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu la pancha na vilio.

Kuna mzee pale nyuma atasema, mwalimu, bodaboda zimejaa, baiskeli za nini? Bodaboda haimchoshi mtoto. Mimi nataka achoke, alale mapema, na sisi tupumzike. Mwingine atasema baiskeli ni ya maskini. Hapa Tanga? Baba yako alikwenda kazini na nini? Na wewe ulikaa wapi, kama si kwenye bomba la mbele, madigadi ikikugongagonga visigino?

Kina mama, kanga na baibui vinaingia kwenye mnyororo, kweli. Fundi afunge kava. Kisingizio cha kubaki nyumbani kupika sikipokei. Baba naye anajua kuchemsha mihogo, au ajifunze Ijumaa usiku.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka. Mkubwa mmoja mbele, mmoja nyuma, mtoto mdogo awe wa pili, yeye ndiye anayepanga mwendo. Tandiko lishushwe mpaka miguu yake iguse chini. Breki zikaguliwe Ijumaa; alfajiri ya Jumamosi fundi amelala. Kofia ngumu nilikuwa na kurasa mbili, basi, vaeni. Barabara ya Pongwe na malori yake sitaki hata kuigusa. Jumamosi, saa 12 asubuhi, hapa hapa nje. Ukija saa 1 usitufuate, rudi ukalale.

Swali moja tu. Mama pale. Anauliza, kama hakuna upepo je? Mwezi wa saba, Tanga, pasiwe na upepo? Mama, hilo likitokea nipigie simu, niende Raskazone nikaangalie bahari kama bado ipo.