Kalata-kalata na Kompyuta Isiyojua Kinachoshindwa

Ndugu zangu, nianzie Kongo, miaka ya 1960. Lorents Gran, daktari kutoka Norwe, aliona wajawazito wakinywa maji ya mmea waliouita kalata-kalata ili uchungu wa uzazi uende upesi. Mmea ulichemshwa kama chai, na nguvu yake ikabaki. Protini nyingi zikichemshwa huganda kama ute wa yai. Iliyomo kwenye mmea huu haikuharibika.

Mwaka 1995 umbo lake lilijulikana: peptidi, yaani protini fupi, ya asidi amino 29 (matofali yanayojenga protini), ncha zake mbili zimeungana zikawa duara, na ndani kuna vifungo vitatu vya salfa vilivyopitana kama fundo. Inaitwa kalata B1. Baadaye maabara zikaonyesha kuwa inazuia baadhi ya bakteria.

Je, tungeweza kuigundua kwa kompyuta? Kwa kompyuta, peptidi ni mstari wa herufi tu, kila herufi ikiwa asidi amino moja. Tunailisha mifano inayojulikana ya peptidi zinazoua bakteria, nayo inajifunza dalili: chaji chanya inayovutwa na utando wa bakteria wenye chaji hasi, au sisteini (asidi amino yenye salfa) nyingi, kama zile nane za difensini, protini za kujikinga zilizomo hata kwenye mbegu za kunde. Kisha inapitia jenomu nzima, yaani jeni zote za kiumbe, na kutupangia peptidi za kupimwa kwanza. Hiyo ni nafuu kubwa, maana kutengeneza na kupima kila peptidi hakuwezekani.

Lakini hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Mashine inahitaji pia mifano ya peptidi zisizoua bakteria, na hizo ni adimu kwa sababu matokeo ya kushindwa hayachapishwi. Basi watafiti huchukua vipande vya protini visivyo na lebo yoyote na kuiambia mashine, "Hivi haviui." Nani alivipima? Mara nyingi hakuna. Mashine huishia kuhesabu sisteini, inapata alama za juu, nasi tunashangilia.

Duara la kalata B1 nalo mashine hailioni. Jeni huandika mstari ulionyooka. Kimeng'enya cha mmea ndicho kinachokata na kuunga ncha. Msomaji wa herufi pekee haoni fundo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa maabara: peptidi mliyoipima ikashindwa, iwekeni hadharani pamoja na jina la bakteria na kiwango mlichotumia. Mimi ninaihitaji kuliko nyingine kumi zilizofaulu.