Bei ya Kununua Kidogo Kidogo

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza Watanzania kwenye uchumi wa kati, daraja la chini. Sibishani nayo. Naomba tu twende Tandale, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, tusimame dukani kwa Mangi.

Anakuja binti wa miaka tisa hivi na chupa ya plastiki. "Shikamoo. Mama kasema mafuta ya mia tano, sukari robo, na mkaa kopo moja." Mangi anapima. Hakuna aliyeibiwa. Lakini yahesabu makopo hayo mpaka yafike gunia: mama yule kalipa zaidi ya mwenye kununua gunia zima. Na bei ya gunia anaijua vizuri, msimdhanie mjinga. Mumewe ni deiwaka; kilichopatikana leo ndicho kinacholiwa leo.

Ndiyo maana gesi inatupiga chenga. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mitungi imegawiwa, tena mingine bure. Sawa. Mtungi wa kawaida wa kilo 6 ukiisha je? Huwezi kumwambia muuzaji akutilie gesi ya buku mbili. Mtungi unasukumwa chini ya kitanda, jiko la mkaa linarudi barazani. Walioleta LUKU, umeme wa kulipia kabla, walituelewa mfuko: una buku, unapata yuniti za buku.

Kodi sasa, hiyo ndiyo balaa. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kwa mtu anayelipwa kila jioni. Wengi hapo wanaangukia mikopo ya kausha damu, na jina lenyewe mnalisikia.

Mimi niliponea kwenye mchezo wa kuchangishana fedha. Nilikuwa nimepanga chumba Manzese. Tulikuwa watu kumi na wawili, elfu tatu kwa siku, anapokea mmoja kila wiki. Kijumbe wetu alipita kila magharibi na daftari, kalamu imefungwa kwa uzi ili tusiondoke nayo. Zamu yangu ilikuwa ya tisa; kodi ikaisha wiki ya tano. Nikamfuata mama wa zamu ya tano, muuza samaki, tubadilishane. Akanitazama, akasema nimpe elfu kumi ya usumbufu. Kabla sijajibu akaongeza, "Si lazima leo. Utanipa elfu mbili mbili, kila jioni."