Kopo la Chumvi Kando ya Figa

Kila nikitaja madini joto, yaani ayodini, watu hushika shingo. Shusha mkono, mzee wangu. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, linaonekana, ndiyo maana linapata sifa zote. Hasara kubwa iko tumboni mwa mama. Mtoto ambaye tezi yake ya shingo haijaanza kazi sawasawa huishi kwa homoni ya mama, na homoni hiyo haitengenezeki bila ayodini. Ikipungua, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa kiziwi, amedumaa, mzito wa akili. Ubongo uliokosa wakati huo haurudishwi kwa kidonge. Na mama huenda shingo yake ni laini kabisa.

Sasa twende kwenye kopo. Nasikia mnanong'ona, "ameanza tena." Nimeanza.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku. Mjamzito na anayenyonyesha, 250. Tuseme chumvi iliyotiwa ayodini ina miligramu 30 zake kwa kilo. Kila gramu basi ina mikrogramu 30, na kijiko cha chai cha gramu 5 kinakupa 150. Hakuna ya kuchezea hapo! Halafu unaiweka wazi kando ya figa, mvuke wa maharage unaipiga kutwa. Chumvi ikilowa, ayodini huteremka na maji hadi chini ya kopo. Dukani ni yale yale: gunia limefunguliwa, limekaa juu ya sakafu yenye unyevu, kisha tunapimiwa kwa kikombe. Na kuna wanaoiosha kwanza, eti ina mchanga. Unaosha chumvi? Umemwaga dawa, umebaki na ladha.

Nunua pakiti iliyofungwa, mimina kwenye chombo chenye kifuniko, weka mbali na moto. Kwenye chakula, tia sufuria ikishaepuliwa. "Mboga haitakolea." Koroga, funika kidogo, chumvi huyeyuka, jamani.

Atakayesema chumvi ya bahari inajitosheleza, ajue kwamba ikikaushwa juani hubaki na ayodini kidogo mno. Kiwandani ndiko inakotiwa, kwa iodeti ya potasiamu, kwa kuwa huvumilia joto na unyevu kuliko iodidi, umbo jingine la ayodini. Chumvi ya Katwe, huku Uganda, inayochotwa ziwani na kuuzwa vivyo hivyo haijatiwa. Siichukii Katwe, nasema tu haijatiwa.

Samaki? Wa baharini, sawa. Ngege, sangara na mukene, yaani dagaa, ni wa maji baridi, wana ayodini kidogo sana kuliko wale. Matooke, ndizi zetu za kupika, nayo hupata kile kilichomo udongoni, na huku kwenye miteremko ya Rwenzori mvua imeuosha udongo miaka na miaka.

Wale wanaopima kama chumvi ina ayodini kwa maji ya posho, yaani ugali, acheni. Iodeti peke yake haigeuzi wanga kuwa bluu. Kichupa cha kupimia kina kemikali nyingine ndani.

Muda unanikimbiza. Muhogo mchungu uloweke vizuri, la sivyo sumu yake mwilini hugeuka kitu kinachozuia ayodini kuingia kwenye tezi. Wenye presha, msiongeze chumvi kwa kisingizio changu: chini ya gramu 5 kwa siku ni ile ile. Mwenye rovu la miaka mingi asijinunulie vidonge vya ayodini, moyo unaweza kumwenda mbio. Aende kituo cha afya. Ayodini ya vidonda hainywewi.

Mama pale nyuma, kama unauliza magadi yana ayodini, hapana. Nayo hayatiwi.